Fundi Aliyefuta Majina ya Magitaa

Kabla hajagusa gitaa la mtu yeyote, Fundi alitoa kipande cha msasa kwenye mfuko wa koti lake na kufuta jina la kampuni lililoandikwa kwenye kichwa cha gitaa. Alifuta taratibu, bila hasira, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi. Mwenye gitaa akipiga kelele, Fundi alimrudishia gitaa lake na kumwonyesha mlango. Akinyamaza, lilitengenezwa. Musonoi nzima, mtaa wetu wa kando ya machimbo, ilijua sharti hilo, na bado hakukosekana mgeni wa kuja kulia pale mlangoni.

"Tata, ile marke, ile jina, ndiyo nilinunua!"

"Ulinunua muti na nyuzi. Jina balikupatia bule."

Nilisikia maneno hayo miaka mingi, kwa sababu mimi na yeye tulitenganishwa na ukuta mmoja. Yeye alikuwa na chumba cha kazi, mimi nilikuwa na baraza. Baba yangu alipokufa na mama akamfuata, nilikuwa sekondari, mwaka wa tatu. Niliacha shule. Nilibaki na wadogo watatu na mashine ya kushonea ya mama. Fundi hakunipa pole ndefu. Alikuja na mkebe wa mafuta, akaigeuza mashine juu chini, akasikiliza gurudumu lake likizunguka, akasema, "Sasa iko natembea." Tangu siku hiyo aliniita Mama, kama watu wa kwetu wanavyomwita mwanamke yeyote anayebeba nyumba, ingawa nilikuwa bado msichana. Nami nilimwita Tata, yaani baba, na kumshonea mifuko ya kubebea magitaa, mingi sana, kwa vitambaa vilivyobaki kwenye suti za harusi.

Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa. Alikuwa amefanya kazi karibu na milipuko ya machimbo, zamani, wakati kampuni ya mgodi ilikuwa bado inatoa unga na mafuta kwa wafanyakazi wake. Kwa hiyo alisikiliza gitaa kwa taya. Aliegemeza kidevu kwenye pembe ya gitaa, akafumba macho, akagonga uzi mmoja, na ungedhani amelala. Mteja akianza kuongea alinyanyua kidole kimoja bila kufumbua macho. Watoto wa mtaa walimwigiza kwa vipande vya mbao, videvu vyote juu, vidole vyote hewani. Aliwaona. Siku moja alimsimamisha mmoja wao na kumsogeza kidevu kidogo upande wa kushoto. "Hapa. Kule hausikie kitu."

Alikuwa na usemi wake. Gitaa lililolegea alisema limeshiba. Mteja msumbufu alisema ana nyuzi nyingi kuliko vidole. Akiulizwa kazi itaisha lini alijibu, "Siku umeme utarudi," na kwa kuwa umeme wa mtaa wetu ulikuja na kuondoka kadiri ulivyotaka, hakuna aliyeweza kumwita mwongo.

Vijana wa metali ndio waliomfanya ahubiri. Metali ni ule muziki wa kelele nzito, ambao mwimbaji wake hunguruma badala ya kuimba. Walikuwa kundi la vijana watano, wamevaa nyeusi tupu katika joto la mwezi wa kumi, wakifanya mazoezi kwenye gereji ya mfanyakazi mstaafu wa reli. Siku ya kwanza waliponguruma, mama mmoja Mkasai anayeuza mihogo alisimama mbele ya baraza langu na beseni kichwani.

"Yule mutoto maumivu iko mu wapi?"

"Hana maumivu, mama. Anaimba."

"Anaimba? Basi bamupeleke kwanza hospitali, ataimba akitoka."

Magitaa ya vijana hao yalifika kwa njia nyingi. Mengine yalitoka Afrika ya Kusini kwenye malori, mengine yaliletwa na mama mmoja mchuuzi wa Dilolo aliyekuwa akivuka kwenda Angola na kurudi na chochote alichokiona. Kila mmoja aliapa kwa jina la gitaa lake. Mmoja alikuwa na jina la Kimarekani, mwingine la Kijapani, mwingine la kampuni iliyojidai ya Kijerumani. Waligombana kuhusu majina hayo kama watu wanavyogombana kuhusu timu za mpira. Fundi aliwasikiliza majuma kadhaa kupitia ukutani. Kisha akawaita wote, akawaambia walete magitaa, akayalaza mezani kifudifudi na kuyafungua migongo. Aliniita na mimi pia.

"Mama, kuya uone. We unajua nguo. Niambie hizi nguo zilikatwa na bafundi wangapi."

Niliangalia. Yote yalikuwa meusi. Yote yalikuwa na pembe mbili, moja ndefu na moja fupi, na shingo nyembamba kama ya mtu aliyetoka kuugua. Yote yalikuwa na uzi wa saba, mnene, ulioongezwa ili sauti ishuke chini kabisa. Vile vinasa sauti viwili chini ya nyuzi, ambavyo Fundi aliviita masikio, vilikuwa vya aina moja, vimefunikwa plastiki ileile, vinalishwa na betri ndogo ya mraba iliyofichwa mgongoni. Waya zilikuwa za rangi zilezile na zimekunjwa kwenye kona ileile. Hata gundi ilikuwa imemwagika mahali pamoja.

"Fundi mmoja," nilisema.

"Munasikia? Mama mushonaji anasema fundi moja. Bote bamezaliwa na mama moja kule Asia, halafu kila moja anamukana mama yake."

Vijana walicheka. Yeye pia alicheka, kisha akanitazama, akakumbuka kwamba nyumba yangu haina mama, akaanza kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Aliwahi pia kuwaonyesha waya iliyo ndani ya sikio la gitaa, nyembamba kuliko unywele. "Hii ni shaba. Pengine ilitoka hapa, mu shimo yetu. Ilienda bila jina, inarudi na jina ya batu bengine." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akiyataja machimbo. Mahali ambapo wanaume wote huongea machimbo asubuhi hadi jioni, yeye aliongea mbao.

Isidhaniwe kwamba hakukosea. Wanakwaya wa parokia walimletea gitaa la zamani sana, zawadi ya padri mmoja aliyerudi kwao. Alilifuta jina kabla hawajafungua midomo. Kumbe walikusudia kuliuza Lubumbashi ili watengeneze paa la ukumbi. Mnunuzi alipoona kichwa kitupu alikataa. Mkuu wa kwaya alikuja akasimama mlangoni, mzee wa suti, machozi yakimtoka.

"Fundi, umetuua."

"Gitare haikuharibika. Sauti iko palepale."

"Nani ananunua sauti? Sema, nani?"

Fundi hakuomba radhi. Alijifungia msimu mzima wa mvua akawatengenezea magitaa mawili, bila kudai kitu, na paa liliendelea kuvuja. Sikumwona akiliepuka kanisa hilo, lakini aliacha kukaa benchi za mbele.

Na majina ambayo hakuyataka kwenye magitaa aliyataka kwingine kote. Mara nyingi aliniomba nimnunulie samaki wa mkebe nikienda sokoni. Nilileta mkebe, akaugeuza, akausoma, akanirudishia.

"Hii hapana, Mama. Mi nakula ile ya karatasi nyekundu."

"Tata, samaki si samaki?"

"Samaki haiko gitare."

Sabuni vilevile. Majani ya chai vilevile. Nilimwambia atumie msasa wake kwenye mikebe. Alicheka mpaka akakohoa, lakini mkebe hakuuchukua.

Mdogo wangu wa kwanza, Glodi, ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wa pili wa wale vijana wa metali. Gitaa lake lilitengenezwa na Fundi mwenyewe: mwili kutoka gitaa lililovunjika shingo, shingo kutoka gitaa lililovunjika mwili, nyuzi saba, masikio yaleyale ya betri, rangi nyeusi. Kichwani halikuwa na kitu. Glodi alilipenda mpaka siku wenzake walipoalikwa kwenda kupiga Lubumbashi. Kiongozi wao alisema kutakuwa na picha, na kwenye picha kila mtu aonekane na gitaa la kweli. Halafu akalipachika la Glodi jina: gitare ya yatima.

Glodi aliniambia jambo hilo akiwa amekaa kwenye kizingiti, akichezea kamba ya kiatu. Aliniita yaya, kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa.

"Yaya, we unaona gitare. Beye banaona jina."

"Waache waone wanachotaka."

"Nitaingia mu shimo na bale ba Kasulo. Miezi kidogo tu. Mama wa Dilolo ameleta moja, ile yenyewe. Nikiipata natoka."

Kasulo ni mtaa ambao watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao, ndani ya vyumba vya kulala, wakateremka kwa kamba mahali palipokuwa na kitanda. Nilijua majina ya wengi walioingia kwa miezi kidogo. Niliwashonea baadhi yao suti za mwisho, zile ambazo hazihitaji mtu kujaribishwa. Nilimwambia Glodi hapana. Alikuwa na miaka ishirini. Hapana yangu haikuwa na kufuli. Basi nilienda ng'ambo ya ukuta.

"Tata Fundi, mtoto huyu atanisikiliza nini mimi? Wewe atakusikiliza. Mwonyeshe kwamba ni kitu kimoja."

Alipangusa mikono. "Ile gitare ya mama wa Dilolo iko kwangu, ameiacha niiwekee nyuzi. Bado sijafuta jina. Mulete yeye kesho, mchana, umeme ukiwapo."

Tukapatana hivi, na Glodi akakubali mbele yetu sote. Atageukia ukuta. Fundi atapiga wimbo mmoja mfupi kwa gitaa la jina, kisha kwa gitaa la yatima, au kinyume chake, kupitia spika moja, bila kugusa vifungo vya spika. Glodi akishindwa kuyatenganisha, atasahau Kasulo. Akiweza, hatutamzuia. Fundi alikubali sharti hilo la mwisho haraka sana. Alikuwa na hakika. Miaka yote hiyo alikuwa ameyafungua magitaa hayo na kuona matumbo yao. Hapakuwa na kitu cha kumtofautishia mtu.

Siku hiyo umeme ulikuwepo. Glodi alisimama, uso ukutani, mikono mgongoni kama mtoto wa shule aliyeadhibiwa. Fundi alipiga. Akabadilisha. Akapiga.

"Ya kwanza ndiyo yenye jina," Glodi alisema.

"Bahati," Fundi alisema. Akapiga tena.

"Sasa ni ya pili."

Akapiga tena, na tena. Mara moja alimtega, akapiga gitaa moja mara zote mbili. "Zote mbili ni ya kwangu," Glodi akasema. Mimi masikio yangu ni ya mshonaji. Sikusikia tofauti yoyote, hata moja. Nilimwangalia Fundi. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo.

"Ni masikio ya gitare?" alimwuliza. "Ni muti? Unasikia nini?"

Glodi aligeuka. Hakuwa na kiburi. Nadhani alitamani kushindwa, nusu yake.

"Tata, gitare ni moja. Ulisema kweli. Lakini ukishika ile ya jina unapiga na heshima. Unangoja kidogo mbele ya kuanza. Ya kwangu unaipiga tu."

Fundi alilitazama gitaa lililokuwa mapajani mwake. Lilikuwa la jina. Alikuwa amelishika kama watu wanavyoshika mtoto wa mtu mwingine. Kisha alilinyanyua polepole na kuliweka mezani, na ile namna ya kuliweka tu, kwa mikono miwili, ilimshtaki tena.

Jumatatu Glodi aliingia shimoni.

Tangu siku ile Fundi hakumfutia mtu jina. Alipokea gitaa, akalitengeneza, akalirudisha na maandishi yake yote. Wateja waliokuwa wamezoea kubandika utepe kwenye vichwa vya magitaa yao ili kuyakinga walisimama pale, utepe mkononi, wasijue la kufanya. Mmoja aliniuliza kama mzee anaumwa. Nilimwambia amechoka, na haikuwa uongo. Mimi sikumlaumu. Nilimwomba neno, akanipa neno alilokuwa nalo, na vidole vyake vilikuwa na neno lingine tangu zamani bila yeye kujua.

Glodi alilipata gitaa lile. Kundi lilienda Lubumbashi, likapigwa picha, na baada ya miezi michache kiongozi alipata kazi ya kuendesha lori la mgodi, mwingine akaoa, gereji ikauzwa. Lakini Glodi hakutoka shimoni. Siku zote kulikuwa na sababu, na sababu hizo nyingi zilikaa nyumbani kwangu: wadogo zetu wawili wa kike, sare zao, shule yao, unga. Nilipika kile alichokileta. Alirudi jioni ana rangi ya udongo mpaka ndani ya kope, akalala kabla ya kula. Gitaa lilikaa ukutani ndani ya mfuko nilioushona. Sikumwuliza kuhusu gitaa, yeye hakuniuliza kuhusu mgongo wangu. Hivyo ndivyo watu wawili waliochoka wanavyoishi vizuri.

Safu yetu ya nyumba ilibomolewa mgodi ulipopanuka. Mimi nilipata chumba na baraza upande mwingine wa mji. Fundi alienda kukaa kwa mpwa wake, mbali, kwenye barabara ya Dilolo. Kwa muda mrefu nilisikia habari zake tu kwa wanamuziki: kwamba macho yamepungua, kwamba anatetemeka, kwamba amekataa kazi ya mtu mkubwa.

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya misa, alishuka kwenye pikipiki mbele ya baraza langu. Alivaa koti, lakini lilikuwa limemzidi mabega. Mgongoni alibeba gitaa ndani ya gunia.

"Mama, uko?"

"Niko, Tata. Karibu. Umekonda."

"Ni koti imenenepa. Mutoto iko wapi?"

Glodi alikuwa amelala kwenye mkeka, miguu nje ya mlango. Sasa ana ndevu. Nilimwambia Fundi kwamba amechoka, amwache.

"Mi pia nimechoka. Muamushe."

Glodi aliamka, akamwona, akakaa sawasawa na kuvuta shati lake. Walisalimiana. Kisha niliogopa mzee atarudia habari za magitaa na majina. Badala yake alifungua gunia.

"Hii ni ya kwaya. Bale ba paa." Alilitoa gitaa. "Kesho kutwa beko na harusi. Waya zote zimekatika ndani. Mi naziona na taya, lakini mukono…" Alinyoosha mkono wake mbele yetu. Ulitetemeka kama kitu kilichotundikwa. "Nitakuambia pa kugusa. We utagusa."

"Tata, mi sijue hii kazi."

"Ulisikia mikono yangu na uso ku ukuta. Unajua."

Umeme haukuwapo, kwa hiyo niliwasha mbabula, jiko letu la makaa, na wakaweka chuma cha kuunganishia waya juu ya makaa. Glodi alianza vibaya. Aliunguza waya mbili, akatukana kwa sauti ndogo, akaomba radhi. Fundi aliegemeza kidevu kwenye gitaa na kunyanyua kidole kila mara Glodi alipotaka kueleza kwa nini amekosea. Jua lilipozama kazi ilikuwa haijafika nusu. Fundi alilala kwetu, kwenye kitanda cha Glodi.

Jumatatu, nilipotoka nje na ndoo ya maji, walikuwa wameshakaa. Glodi alikuwa amevaa nguo zake za shimoni, taa ya kichwani ikining'inia shingoni, kwa sababu pikipiki ya wenzake humpitia asubuhi. Alisema anamalizia waya moja tu. Alikuwa ameishika kwa koleo, mkono wa kulia una chuma cha moto, pumzi ameizuia.

Pikipiki ilifika na kupiga honi.

"Usipumue," Fundi alisema. Hakuangalia barabara.

Wenzake walipiga honi tena. Mmoja akaita, "Glodi! Weye! Tunakuacha?" Mkono wa Glodi haukusogea. Risasi ya kuungia waya iliyeyuka, ikang'aa, ikapoa. Aliiachia waya, ikabaki mahali pake. Angeweza kuishia hapo. Alihamia waya iliyofuata.

Pikipiki ilingoja kidogo, ikawashwa, ikaondoka.

"Yaya," alisema bila kuinua kichwa, "chuma inapoa."

Sikumwuliza habari za kesho. Nilichukua gunia la makaa, lote, nikaongeza moto.